Tukipata Mahakama ya Juu, halmashauri ya Kigoma nayo iruhusiwe kuuliza

Kila stori ya katiba mpya ikirudi, watu wanakimbilia vitu vitatu, tume ya uchaguzi, mgombea binafsi na madaraka ya rais, alafu ikifika zamu ya mahakama utasikia tu "tuwe na Mahakama ya Juu kama wenzetu" na mjadala umeishia hapo. Rasimu ya Tume ya Warioba ilikuwa nayo, Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilikuwa nayo, kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 haikufanyika na vyote vikalala. Ila hamna anayeuliza hiyo mahakama itakuwa inafanya nini siku ambayo hakuna kesi ya urais. Mi kuna kazi moja nataka tuisemee mapema kabla mtu hajaiandika kwa mstari mmoja huko Dodoma wakati wajumbe wanasinzia, nayo ni kazi ya kutoa ushauri.

Ushauri wenyewe uko hivi. Hakuna mlalamikaji, hakuna mdaiwa, hakuna mtu aliyenyang'anywa shamba. Chombo cha dola kinaandika swali la kisheria, mfano je muswada huu ukipita utavunja katiba, au je kati ya huyu na yule nani mwenye mamlaka juu ya jambo hili, majaji wanasikiliza wanaohusika na wanajibu kwa maandishi, na sababu zao zote zinaonekana. Mahakama yetu ya Rufani, ambayo ipo tangu 1979 baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kufa 1977 na mahakama yake ya rufani kufa nayo, haijapewa hiyo kazi. Ibara ya 117 inaipa kusikiliza rufani. Kwa hiyo inasubiri watu wagombane huko chini, waende Mahakama Kuu, mmoja ashindwe, akate rufaa, ndo swali lifike, na sisi wa Kigoma ambao zamani hata Mahakama Kuu tulikuwa tunaifuata Tabora tunajua vizuri swali linavyoweza kuzeeka njiani.

Anayeishauri serikali leo ni Mwanasheria Mkuu, katiba imemtaja ibara ya 59 na ndo kazi yake, sina ugomvi naye. Ila ushauri wake ni wa ndani. Anaandika, wanasoma wao, wanaamua, sisi tunakuja kuona matokeo kwenye gazeti la serikali au kwenye risiti.

Na risiti nimeitaja makusudi. Mpangaji wa Mwanga hapa Kigoma ananunua umeme wa elfu tano kwenye simu, ujumbe unarudi na token, anaangalia uniti anakuta pungufu, kumbe ndani humo kuna mstari wa kodi ya majengo. Nyumba sio yake, kodi ni ya mwenye nyumba, sheria yenyewe inasema hivyo, ila anayekatwa ni aliyenunua umeme, na kumwambia mwenye nyumba akurudishie ni maneno ya kwenye karatasi tu. Tangu Agosti 2021 ndo tunakatwa kwenye LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sasa watu wanabishana hapo kwenye mpangaji na mwenye nyumba, wanasahau swali kubwa zaidi. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha mapato cha halmashauri. Kuanzia 2016 ikaanza kuhamia TRA, mwaka uliofuata ada za mabango nazo zikaenda huko huko, na manispaa ambayo ilikuwa inapangia hizo hela mitaro na taa za barabarani ikabaki inasubiri mgao. Katiba ile ile, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Je, unaweza kupeleka madaraka kwa mkono mmoja na kuchukua pochi kwa mkono mwingine? Inawezekana jibu ni ndiyo, Bunge lina haki hiyo kabisa, na mimi sio jaji. Lakini hilo swali hakuna diwani wa Kigoma Ujiji aliyekuwa na mlango wa kwenda kuliuliza.

Wakenya wanao huo mlango. Katiba yao ya 2010, ibara ya 163(6), inasema Mahakama ya Juu inaweza kutoa maoni ya ushauri kwa ombi la serikali ya taifa, chombo chochote cha dola, au serikali ya kaunti yoyote, kuhusu jambo lolote linalogusa serikali za kaunti. Soma tena hapo kwenye kaunti yoyote. Yaani Turkana au Lamu wakiona wanaonewa na Nairobi wana njia ya moja kwa moja mpaka mahakama ya mwisho. Na wameitumia. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipate shilingi bilioni 310, Seneti ikasema bilioni 335, wakakwama, magavana wakaenda mahakamani kuomba ushauri. Maoni yakaja Mei 2020, mahakama ikasema huwezi kupitisha sheria ya matumizi ya serikali kabla hujapitisha sheria ya kugawana mapato, kwanza mgawanye ndo mtumie. Safi kabisa. Shida ni kwamba wakati maoni yanatoka, wanasiasa walishakubaliana bilioni 316.5 tangu Septemba iliyotangulia na mwaka wa fedha wenyewe ulikuwa unakaribia kuisha. Kwa hiyo yalisaidia miaka ya mbele, mwaka ule hayakusaidia kitu. Ushauri unaochelewa ni ripoti ya wanahistoria, kwa hiyo sisi tukiandika ya kwetu tuweke na muda, sijui siku 60 au 90, ila uwepo.

Kuna watu watasema ushauri hauna meno, sasa wa nini. Hapo kwanza tuweke sawa, Mahakama ya Juu ya Kenya yenyewe imeshasema maoni yake ni uamuzi kama uamuzi mwingine, yanamfunga aliyeuliza na mahakama za chini yake. Meno yapo kwenye karatasi. Ila angalia ile ishu ya jinsia. Katiba yao inakataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa, Mwanasheria Mkuu akauliza 2012 je hii inaanza na uchaguzi wa Machi 2013 au itakuja polepole. Majaji wengi Desemba 2012 wakasema polepole, lakini Bunge litunge sheria mpaka 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga peke yake akapinga, akasema inaanza sasa. Tarehe ikafika, Bunge likajiongezea mwaka, ukapita nao, miswada ikawa inaanguka kwa kukosa akidi, mpaka 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamwandikia Rais Uhuru Kenyatta kwamba alivunje Bunge. Halikuvunjwa, Mahakama Kuu ikasimamisha, wabunge wakakaa mpaka uchaguzi wa 2022. Ukisoma leo yale maoni ya Mutunga unaona mzee aliona mbali, wenzake waliwapa wanasiasa miaka na wanasiasa wakafanya na miaka kile ambacho wanasiasa hufanya.

Lakini msitumie hiyo kusema ushauri ni bure, kwa sababu hata hukumu yenye meno yote kwetu imekutana na yale yale. Kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama ya Rufani ilisema 23 Oktoba 2019 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi na hata wa 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinavunja katiba, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Hiyo sio ushauri, ni hukumu ya mahakama ya mwisho. Mwaka ukaisha sheria iko vile vile. Na majirani zetu wa Tabora ndo wanaoumia, utafiti wa afya wa 2010 uliwaweka wa pili kitaifa kwa ndoa za utotoni, asilimia 58, nyuma ya Shinyanga yenye 59. Kwa hiyo tatizo la kutotii ni la watawala, halihusiani na kama karatasi imeandikwa ushauri au hukumu.

Hofu ya kweli kwangu iko upande mwingine, ni pale serikali inapopenda ushauri kupita kiasi. Mwaka 1793 George Washington, kupitia Thomas Jefferson, aliwapelekea majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani maswali 29 kuhusu vita vya Ulaya na mikataba na Ufaransa. Jaji Mkuu John Jay na wenzake wakarudisha, wakasema kwa heshima zote hii sio kazi yetu, una mawaziri wako waulize. Mpaka leo mahakama ile haitoi ushauri. Ukitaka iseme kitu lete kesi, lete mtu aliyeumia. India katiba inamruhusu Rais kuuliza, ibara ya 143, na mahakama huwa inajibu, ila baada ya msikiti wa Babri kubomolewa Desemba 1992 serikali ikauliza eti je kabla ya ule msikiti palikuwa na hekalu la Wahindu mahali pale? Nchi imewaka, watu wamekufa, alafu unawapelekea majaji swali kama hilo ili lawama iwahamie wao. Mwaka 1994 mahakama ikalirudisha bila kulijibu. Nawapa heshima kwa hilo, kwa sababu jaji anayejua kukataa ndo huyo huyo utamwamini akijibu.

Sasa weka hiyo nguvu kwetu, serikali peke yake ndo inayoruhusiwa kuuliza, inaandika swali kwa namna inayojua jibu litakavyotoka, inalipeleka haraka wiki mbili kabla ya muswada, mahakama inasema sawa hauvunji katiba. Baadaye wewe mvuvi au mwalimu unaumizwa na ile sheria unaenda mahakamani, unaambiwa tulishasema. Ireland waliliandika wazi kabisa, ibara ya 26 na ya 34 za katiba yao, Rais akiupeleka muswada Mahakama ya Juu na ukapita basi ile sheria haihojiwi tena na mtu yeyote kwa sababu ya katiba. Wao wana sababu zao na rais wao hana chama mgongoni kama wetu. Kwetu hiyo ingekuwa mhuri wa moto. Mi nasema ushauri ukitolewa, atakayekuja baadaye na jeraha lake halisi asifungiwe mlango, asikilizwe upya na ushahidi wake.

Na mahakama zetu tayari zinashauri, tusijidanganye, zinafanya pembeni tu. Kwenye rufaa ya mgombea binafsi, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Mchungaji Christopher Mtikila aliyetaka mtu aweze kugombea bila chama, Juni 2010, majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani walisema hilo ni la Bunge, sio letu. Kwa hiyo Mtikila kashindwa. Alafu mwishoni kabisa wakaongeza neno la ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge, wakawakumbusha Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilivyosema 1996 kwamba haki ya kugombea isibanwe kwa kumlazimisha mtu awe mwanachama wa chama. Hebu fikiria, hujaombwa ushauri, umetoka kusema sio kazi yako, alafu unashauri na unashauri kinyume na matokeo ya hukumu uliyotoa! Mahakama ya Afrika pale Arusha ikaja kumpa Mtikila ushindi 2013. Kama majaji wana la kusema wapewe nafasi ya kulisema wazi, lisichomekwe kwenye kurasa za mwisho.

Ishu ya Muungano ndo inanichosha kabisa. Ibara ya 125 mpaka 128 zinaanzisha Mahakama Maalum ya Katiba, kazi yake pekee ni kutoa uamuzi wa usuluhishi pale Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi Zanzibar zinapobishana juu ya tafsiri ya katiba. Nusu ya wajumbe wanatoka kwa hawa, nusu kwa wale, na uamuzi unataka theluthi mbili ya kila upande. Haina jengo, haina jaji wa kudumu, inakaa tu mgogoro ukitokea, na hatujawahi kuisikia ikikaa. Wakati mwaka 2008 Waziri Mkuu Pinda anasema bungeni Zanzibar si nchi, na 2010 Zanzibar wanarekebisha katiba yao kusema ni nchi, huku ibara ya kwanza ya katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja! Kama huo sio mgogoro wa tafsiri basi mgogoro wa tafsiri haupo duniani. Kanada walikuwa na Quebec, jimbo linataka kujitenga, serikali ikapeleka maswali matatu Mahakama ya Juu. Quebec wakasusa, mahakama ikateua wakili wa kusemea upande wao ili usisikilizwe upande mmoja tu. 1998 jibu likatoka, Quebec haiwezi kujitoa kwa uamuzi wake peke yake, lakini wananchi wake wakisema wazi, kwa swali lililo wazi na wingi ulio wazi, basi Kanada nzima ina wajibu wa kukaa mezani kuzungumza. Kila upande ukashangilia. Sisi tumeachia hilo swali vijiwe na majukwaa ya kampeni.

Lakini narudi kwa nani anauliza, maana hapo ndo penye uzito. Mfano uko hapa hapa nchini. Kijana ameshuka na treni usiku, hana pa kulala, amekaa nje ya stesheni anasubiri kupambazuke aende Kibirizi kutafuta kibarua, anabebwa kwa uzururaji. Kanuni ya Adhabu vifungu vya 176 na 177, sheria za mkoloni. Huyo kijana asubuhi analipa au anaonewa huruma anaachiwa, hakuna wakili atakayeifikisha kesi yake Mahakama ya Rufani. Sasa tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za aina hii zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na nchi zizifute au zizirekebishe. Nani aliuliza? Sio serikali yoyote. Ni Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, kwa sababu protokali ya mahakama hiyo inaruhusu taasisi ya Kiafrika inayotambuliwa na Umoja wa Afrika iulize. Miaka mitatu nyuma, 2017, shirika la Nigeria la SERAP lilileta swali kuhusu umaskini likaambiwa ninyi hamtambuliwi na Umoja wa Afrika, rudini. Mahakama hiyo hiyo, tofauti ni nani ameshika fomu. Hamna serikali Afrika ambayo ingeamka asubuhi ikauliza kama polisi wake wanakamata wazururaji kihalali.

Na hapa nyumbani mlango wa mwananchi ulizidi kuwa mwembamba. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kwenda kuilinda katiba mahakamani, lakini marekebisho ya 2020 yakaja kudai uonyeshe kwa kiapo ulivyoathirika wewe binafsi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sina shida na lengo, migebuka ilikuwa inaisha kila mtu anaona. Lakini pale mwaloni kulikuwa na maswali ya kisheria kabisa, mwenye mkopo wa mashine afanyeje, je serikali inaweza kukuzuia kazi yako halali miezi mitatu bila chochote mfukoni, na kama inaweza mpaka wapi? Yule mvuvi kuthibitisha kaathirika anaweza, ila akimaliza hatua zote ziwa limeshafunguliwa zamani. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ingekuwa na ruhusa ya kuandika swali moja likaenda juu moja kwa moja, tungekuwa na jibu la mwaka unaofuata na wa baada yake. Kwa hiyo orodha yangu ya wenye ruhusa ni serikali zote mbili, Bunge na Baraza la Wawakilishi, hiyo Tume, na halmashauri kwa mambo yanayozigusa. Chama cha siasa hapana, tutazamisha mahakama. Na mahakama iwe na haki ya kukataa ila iseme kwa nini, kama ile ya Kenya ilivyokataa 2011 kujibu tarehe ya uchaguzi kwa sababu tayari kulikuwa na kesi Mahakama Kuu.

Niliyaongea haya kwenye kahawa Ujiji mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo barua ya halmashauri anasaini nani?" Nikaona kweli. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, hawezi kusaini barua ya kuhoji kama serikali iliyomteua ilikuwa na haki ya kuchukua kodi ya majengo, na akisaini kesho utamkuta wilaya nyingine. Mwenyekiti au meya anaweza kutaka, ila mwanasheria wa halmashauri yuko chini ya mkurugenzi. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 ukiishtaki halmashauri lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu, wanatetewa na mawakili wa serikali, maana yake halmashauri ikiingia mahakamani wakili wake ni wakili wa yule yule inayetaka kumuuliza. Gavana wa Kenya kachaguliwa kwa kura na ana wakili wake, ndo maana ile ibara yao inafanya kazi. Kwetu ukiandika "serikali ya mtaa inaweza kuomba ushauri" ukaachia hapo umeandika kitu ambacho hakitatumika hata mara moja. Iandikwe kabisa kwamba ni azimio la baraza la madiwani, kura ya wazi, na baraza liruhusiwe kutafuta wakili wa kujitegemea kwa hela ya mapato ya ndani, hizo kidogo zilizobaki.